Jibu: Golf II ya dizeli, turbo kwanza au bodi?

Mkuu, umeuliza kama hiyo Volkswagen Golf II ya dizeli, injini ya lita 1.6, uliyoachiwa na mjomba hapo Raskazone uanze kuifunga turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini iongeze nguvu) au kunyoosha bodi. Anza na bodi. Upepo wa chumvi wa Tanga hauna huruma: ng'oa kapeti, chokonoa sakafu na vizingiti vya milango kwa bisibisi. Palipoliwa na kutu pakatwe, pachomelewe bati jipya. Fundi akikuletea puti, ile lahamu ya kuziba matundu juu juu, mfukuze.

Kisha badilisha mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, hata kama unaonekana mzima. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Pampu ya dizeli na nozo zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini zipeleke kwa mwenye mashine ya kupimia, si wa kusikiliza kwa sikio.

Turbo sasa. Injini yako ina nguvu za farasi kama 54. Ya turbo ilitoka kiwandani na 70, lakini hiyo ina vinyunyizio vya oili vinavyopoza pistoni kwa chini. Yako haina. Ukibandika turbo na kuongeza dizeli, utayeyusha pistoni. Tafuta injini kamili ya turbo, hata ikichukua mwaka. Yangu naijenga mshahara ukiruhusu, miaka sasa, na viti bado ni vya Toyota Noah.