Kifaru kilichovaa turubai

SWALI: Shikamoo fundi. Kijana wangu anasema katika Vita Kuu ya Pili vifaru vya Marekani viliogelea baharini. Tumebishana hadi usiku. Tani 30 za chuma zinaeleaje?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba. Kijana wako amesema kweli. Nenda pale Kamanga uitazame feri: ni chuma tupu, na malori inayabeba. Chombo huelea kikiweza kusukuma maji yenye uzito sawa na wake.

Waingereza walipewa vifaru vya Sherman na Marekani kwa mpango wa mkopo wa silaha. Nicholas Straussler, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alibuni ukuta wa turubai wa kukizunguka kifaru ili kisukume maji ya kutosha kuelea, ukisimamishwa na mirija 36 ya mpira iliyojaa hewa. Nyuma zikafungwa propela mbili, zikizungushwa na minyororo ileile ya kutembelea. Kikigusa mchanga, ukuta unaangushwa na mzinga unaanza kazi. Kwa mbali adui aliona kiboti tu.

Wamarekani nao wakauchukua ubunifu huo, na hapo ndipo panaponiuma. Nimeunda mitumbwi Kirumba miaka 31, na swali langu la kwanza kwa mteja ni: ukishapakia, ubao unaobaki juu ya maji ni kiasi gani? Turubai lile lilibakiza chini ya mita moja, na lilikusudiwa mawimbi ya sentimita 30 hivi. Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Washirika yaliposhuka Ufaransa kupigana na Wajerumani, kwenye ufuko uliopewa jina la Omaha mawimbi yalifika mita 1.8. Kikosi cha vifaru cha 741 cha Marekani kilishusha vifaru 29 majini, kama kilomita 5 kutoka nchi kavu. Vikazama 27, na vijana wengine wakazama navyo.

Inaelezwa kuwa madereva walilenga mnara wa kanisa huku mkondo ukiwasukuma kando, hivyo wakayapa mawimbi ubavu. Ubavu, jamani! Mvuvi wa Ukerewe ziwa likichafuka huyaelekezea mawimbi omo, yaani mbele ya chombo, hata kama nyumbani kwake ni upande mwingine. Makamanda wa vile viwili vilivyofika, husimuliwa kuwa walishazoea mashua kabla ya vita. Vingine vitatu vya kikosi hicho, nje ya wale 29, vilipona kwa sababu meli yao ilivipeleka hadi mchangani.

Mlete kijana Jumamosi asubuhi. Nitaweka sufuria kwenye karai la maji, nijaze mawe kidogo kidogo, kisha nimwachie yeye atikise karai.