Fundi Anajibu: DX yangu nikikanyaga resi inakata pumzi

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Nina Corolla DX stesheni wagoni ya zamani, injini 4K, niliachiwa na marehemu baba na ndo naitumia kubebea mzigo wa duka hapa Tanga. Asubuhi inawaka vizuri, sailensa (ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga resi) inashika, na nikishaingia barabara ya Segera inatembea bila shida hata 80. Tatizo ni pale nimesimama alafu nataka kuondoka, nikikanyaga resi inazama kwanza, kama inavuta pumzi hivi, sekunde moja alafu ndo inaruka mbele. Juzi ilizimika kabisa nakata barabara na lori linakuja. Nshabadilisha plagi, nshabadilisha filta ya mafuta, fundi akaniuzia kabureta ya mtumba, ile inayochanganya petroli na hewa, na bado iko vilevile, sa hivi anasema injini imechoka tuishushe. Nikubali? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo ya lori, hiyo ndo sababu nakujibu wewe kwanza. Injini usishushe. Injini iliyochoka inakuwa imechoka muda wote, inakosa nguvu mlimani, inakula oili, inatoa moshi. Yako inatembea 80 na mzigo juu, inakata pumzi sekunde moja tu mguu unapoanza kushuka, kwa hiyo hapo kuna kitu kimoja kidogo hakifanyi kazi yake kwa wakati wake.

Elewa kwanza kinachotokea. Ukikanyaga resi ghafla hewa inaingia papo hapo maana ni nyepesi, petroli ni nzito inachelewa kufuata, na ile kidogo iliyofika nyingine inagandia kwenye kuta za manifodi, yaani bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye injini, basi kwa muda mfupi injini inapata hewa tupu na mafuta kiduchu, inazama. Waliotengeneza kabureta walilijua hilo wakaweka pampu ya resi, kipistoni kidogo chenye raba au ngozi chini yake, kila ukikanyaga kinasukuma petroli ya ziada kuziba lile pengo. Hicho ndo cha kwanza kukifa kwenye kabureta ya zamani, raba inakauka inakuwa ngumu, mafuta yanapita pembeni badala ya kusukumwa. Na hiyo kabureta ya mtumba uliyouziwa mwanangu imekuja na raba ya mtumba vilevile, ndo maana hujaona tofauti.

Kupima hakuhitaji hela. Zima injini, iache ipoe, hakuna sigara wala jiko karibu. Fungua mfuniko wa filta ya hewa, hakikisha kile kibati cha choki, kinachoziba hewa injini ikiwa baridi, kiko wazi, mulika tochi ndani ya koo la kwanza la kabureta alafu kwa mkono vuta ule mkono unaovutwa na waya wa resi. Unatakiwa uone uzi wa petroli unaruka pale pale mkono unapoanza kusogea, uzi mnene ulionyooka, sio matone wala unaoanza mkono ukiwa umeshafika katikati. Ukiona mate mate tu au pakavu basi mgonjwa umempata.

Lakini kabla hujailaumu pampu angalia kile kioo kidogo cha duara ubavuni mwa kabureta, kabureta nyingi za 4K wanazo. Petroli inatakiwa ikae kwenye alama katikati ya kioo. Ikiwa chini sana pampu haina cha kusukuma, hapo angalia floti (boya la ndani linalopima kina cha petroli) na sindano yake inayofungulia mafuta au pampu ya mafuta imechoka.

Kama ni pampu ya resi, tafuta kit ya kabureta, ile pakiti yenye gasketi na raba mpya, usinunue kabureta nzima tena. Na hapa nakuomba umsimamie fundi, kifaa kikifunguliwa juu kuna gololi ndogo chini ya kipistoni na nyingine kwenye njia ya kutokea mafuta yenye kijiuzito juu yake. Mtu akigeuza kabureta kichwa chini zinadondoka mchangani, au anazirudisha kwa kubadilishana, na hapo pampu mpya haitafanya kitu. Gari ngapi nimeletewa zina raba mpya kabisa na gololi hakuna! Tandika kitambaa cheupe, fungulia juu yake. Kile kitundu cha kurushia mafuta kipulize kwa upepo wa kompresa, usichokonoe kwa waya maana ukikipanua umekiharibu.

Sasa uzi ukiwa unaruka vizuri na gari bado inazama, hamia kwenye distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi. Kuna mpira mwembamba unatoka kwenye kabureta unaingia kwenye kisahani cha bati ubavuni mwa distribyuta, kazi yake ni kuwahisha moto wa plagi. Injini ikiwa imezimwa fungua kofia ya distribyuta, chomoa ule mpira upande wa kabureta, uweke mdomoni unyonye. Unatakiwa uone sahani ya ndani inazunguka kidogo, na ukiziba kwa ulimi ibaki pale pale. Kama hewa inapita tu kama unanyonya mrija wa soda basi dayaframu, ile ngozi nyembamba ndani ya kisahani, imepasuka, au mpira wenyewe una ufa. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungulia mteja kabureta mara mbili, siku mbili kazini, kumbe mpira umepasuka upande wa chini ambao huuoni mpaka uushike kwa vidole. Tangu siku hiyo naanza na mipira.

Ukiwa hapo hapo pima na pointi (vile vibati viwili ndani ya distribyuta vinavyofungua na kufunga umeme), 4K inataka nafasi ya milimita 0.45, plagi 0.8, na taimingi, yaani wakati wa moto kuruka, digrii 8 kabla ya pistoni kufika juu, ukipima injini ikiwa kwenye sailensa na ule mpira umechomolewa na kuzibwa. Pointi zilizoliwa zikawa na kichuguu upande mmoja badilisha, pamoja na kondensa. Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ni kitu cha bei ndogo, kinunue kiwe chako, usikubali mtu akupimie kwa macho.

Mwisho kuna hewa ya wizi, yaani gasketi chini ya kabureta au ya manifodi inavuja. Ila hiyo kwa kawaida inaharibu na sailensa, na yako inashika, kwa hiyo siiweki mbele.

Na jambo moja nalisema kwa uchungu. Usimruhusu mtu kumwagia petroli kwa chupa ndani ya kabureta huku mwingine anapiga staata. Injini ikirudisha moto inatokea juu pale pale uso ulipo. Nimeona mtu alivyoungua, sitaki umwone.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua Datsun 1200 Dar, ilikuwa nyepesi sana, nimekuja nayo Arusha imekuwa nzito, inasitasita kwenye kilima na plagi zinatoka nyeusi kama masizi. Wananiambia hii petroli ya siku hizi isiyo na risasi ndo inaua gari za zamani. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Risasi haihusiki hapa. Petroli yenye risasi nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na hiyo ya Dar uliyokuwa unatembelea ni ileile isiyo na risasi. Kukosa risasi kunaweza kula viti vya valvu vya injini za zamani taratibu, miaka na miaka, hakufanyi plagi kuwa nyeusi kwa safari moja.

Kilichobadilika ni mwinuko. Dar uko usawa wa bahari, Arusha uko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina mafuta ya Dar. Mafuta yanazidi hewa, yanabaki bila kuungua vizuri, ndo masizi hayo. Anza na filta ya hewa maana ikiwa na vumbi la njiani inazidisha, alafu hakikisha choki inafunguka yote injini ikipata moto. Hapo ukiona bado, punguza skrubu ya mchanganyiko wa sailensa, ifunge kidogo kidogo mpaka injini iongeze mzunguko yenyewe na itulie, ukipitiliza itaanza kutikisika, rudisha robo mzunguko. Hiyo inatibu sailensa na mwanzo wa kukanyaga. Kwenye kilima inafanya kazi jeti kuu, kile kitundu kikuu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, na kama gari inakaa Arusha moja kwa moja mwambie fundi akutafutie jeti ya namba ndogo kidogo, ila ile ya mwanzo ifunge kwenye karatasi uiweke kwenye boksi la gari, maana siku ukirudi kukaa Dar utaihitaji, jeti ndogo kule chini kwenye joto inachemsha injini.