Hilo desa liweke chini, mimi lilinila somo zima

Mleta mada, umesema uko mwaka wa kwanza hapa Tabora, kila wiki mnapewa makala tatu za kusoma na Ijumaa mnapeleka kurasa mbili za tafakuri. Ukauliza usome vipi kwa haraka, utangulizi uuanzeje, na ununue kompyuta ya namna gani. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukachomekea kwamba kuna kaka kakuuzia desa la mwaka jana, yaani kazi iliyokwishaandikwa na wenzenu, na wewe unageuzageuza maneno.

Hayo mengine yangoje. Hilo desa liweke chini.

Mimi nililinunua. Shilingi 2,000, steshenari, limepigwa fotokopi mpaka herufi zimeanza kufifia. Muuzaji alikuwa wa mwaka wa tatu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, anaongea taratibu kama vile mtaala kautunga yeye. Akaniambia, "Mdogo wangu, walimu hawasomi hizi kazi, wanapima uzito wa karatasi. Geuza maneno, tia Kiingereza kigumu, basi." Nikamwamini. Makala ya kwanza ilikuwa na kurasa 31, na kwa siku mbili nilikuwa nimefika ukurasa wa 4, kamusi mapajani. Nyie mlioelewa tangu siku ya kwanza, hongereni, kaeni viti vya mbele.

Na kinachoniuma ni kwamba mada ilikuwa ya hapa hapa nyumbani: biashara ya misafara Unyanyembe na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu. Kwihara nilipelekwa nikiwa darasa la sita, tembe alilokaa Livingstone nimeligusa ukuta kwa mkono wangu. Kwamba 1871 Mirambo alifunga njia ya Ujiji, yule mwandishi wa habari Stanley akakwama hapa kisha akazungukia kusini kwenda kumtafuta huyo Livingstone, hilo nilikuwa nalijua hata kabla sijajua chuo ni nini. Nikaacha yote hayo, nikafungua desa.

Desa lilisema Mirambo alifariki 1894. Nikanakili. Kitenzi nikakigeuza, kivumishi nikaongeza, lile neno refu la Kiingereza lenye maana ya "aidha" nikalipachika mara tano ukurasa mmoja. Mwaka sikuugusa, maana mwaka unaugeuzaje? Sasa Mirambo alifariki 1884. Nilimfufua mtemi wa watu akaishi miaka kumi ya bure, mpaka akampita Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyelipua ghala lake la baruti Januari 1893 Wajerumani walipovamia boma lake. Na ile makala tuliyopewa ilikuwa na mwaka sahihi. Ukurasa wa 6. Mimi niliishia wa 4.

Siku ya kurudishiwa kazi mwalimu akasoma majina 14. Tukatoka mbele tukitabasamu, tukijua ndio tuliong'ara. Akauliza, Mirambo alikufa lini? Tukajibu kwa pamoja, kwaya kabisa. Sifuri, wote. Alama zangu za muhula zikawa hazitoshi kuniingiza kwenye mtihani wa mwisho, nikarudia somo mwaka uliofuata nimekaa na watoto wanaoniita shangazi. Hela ya kurudia ilitoka kwenye ndoo mbili za asali alizoziweka mama kungojea bei ipande. Nilimdanganya kwamba chuo kimepandisha ada. Kama yumo humu, mama, shikamoo.

Yule kaka nilimfuata. Unajua alinijibu nini? Kwamba kosa letu ni kununua wengi! Nasikia siku hizi anatoa semina za uandishi wa kitaaluma. Nacheka ili nisitukane.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililotoka nalo pale: soma kipande, funika makala, msimulie mtu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa namsimulia mwenzangu wa chumbani wakati anasonga ugali. Anaponiuliza "kwa nini?" nikababaika, ujue hapo sijasoma, nimepitisha macho tu, narudi kwenye karatasi. Ukishasimulia ndipo uandike, kwa Kiingereza chako hicho hicho chepesi. Sentensi ya mwandishi ukiitaka nzima, itie alama za mtajo na namba ya ukurasa palepale kwenye daftari. Usiseme utaweka baadaye. Baadaye huwezi kujua lipi lako na lipi lake, na hapo unakuwa mwizi bila kukusudia.

Tafakuri yangu ya kwanza ya kweli ilitokana na ugali huo. Makala iliwaeleza wapagazi wa Kinyamwezi kama watu wa kuhurumiwa tu. Mwenzangu akasema, mbona kwao wanasimulia kwamba kijana asiyefika pwani alikuwa hajahesabiwa mwanaume? Nikaliandika hilo, nikaeleza mwandishi kaliacha wapi, ukurasa gani. Nikapata 14 kati ya 20, na pembeni mwalimu kaandika, "Hapa sasa naona mtu."

Ulikuwa umeuliza nini kingine? Utangulizi uandike mwisho. Kompyuta sijui, mimi nilimaliza chuo kwa kuazima. Na kama huyo kaka harudishi hela, mpe desa mama wa maandazi, karatasi za kufungia huwa hazimtoshi.