Kifafa kimetulia, mbona kijana hana raha?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 19 ana kifafa tangu utotoni. Miezi minne iliyopita alibadilishiwa dawa, akaanzishiwa levetirasetamu, na tangu hapo hajaanguka hata mara moja. Lakini amekuwa mwepesi wa hasira, halali vizuri, na jana nilimkuta ameketi kitandani akilia, vidonge vya asubuhi vikiwa bado mkononi. Ndugu wanasema hana shukrani. Je, nimwachishe dawa?

JIBU: Mama, usimwachishe, kwa sababu kukatiza dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, ambalo linaweza kuua. Hata hivyo, uliyoyaona ni dalili za kitabibu, wala si utovu wa shukrani, na ndugu nao waambiwe hivyo.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, humpata takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye kifafa, na unyanyapaa, ingawa unaumiza sana, si chanzo pekee. Sehemu za ubongo ambamo kifafa huanzia mara nyingi, hasa zile zilizo usawa wa masikio, ndizo pia zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana wapo ambao sonona iliwaanza hata kabla hawajaanguka mara ya kwanza. Kwa mwanao, hata hivyo, ninaishuku zaidi dawa. Levetirasetamu hudhibiti kifafa vizuri, lakini baadhi ya watumiaji huwaletea hasira, wasiwasi na huzuni, mara nyingi katika wiki au miezi ya mwanzo. Mpelekee daktari wake tarehe aliyoanza dawa na tarehe ulipoona mabadiliko; akiona inafaa, atapunguza dozi au atamhamishia dawa nyingine kidogo kidogo.

Ikithibitika kuwa ni sonona, itibiwe. Hofu kwamba dawa za sonona huamsha kifafa imewanyima wagonjwa wengi nafuu bila sababu, kwani nyingi kati ya zinazotumika sasa, setralini ikiwa mojawapo, ni salama kwao kwa dozi ya kawaida; ya kuepukwa ni bupropioni.

Usingoje siku ya kliniki kuzungumza naye. Leo jioni keti naye, umwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, kwa maana swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, vidonge uvitunze wewe, na mpelekeni hospitali usiku huo huo.