Mwalimu Anajibu: Yule Anayekula Peke Yake

Barua za wiki hii karibu zote zinamhusu mtu mmoja: mwanafunzi asiye na mwenzake.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha pili, Nkuhungu, Dodoma. Kuna msichana amehamia kwetu kutoka Dar, baba yake kaletwa na kazi kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Mapumziko anakula muhogo wake ukutani peke yake. Wenzangu wanasema anaringa. Nianzeje?*

Marahaba, mwanangu. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, watoto wa namna hiyo tumewapokea wengi. Marafiki wote kawaacha kwa mpigo, huku kakuta vumbi, upepo wa kukausha midomo, na darasa ambalo kila mtu ana wake wa zamani. Ninyi mnaona maringo. Huenda naye akifika nyumbani anasema ninyi ndio mnaringa.

Usimuulize "mbona uko peke yako?" Swali hilo linamwanika mbele za watu. Muombe kitu: rula, daftari la Baiolojia, akuelekeze hesabu iliyokushinda. Mimi nilipopangiwa kufundisha Kongwa, mgeni kutoka Tanga, hata salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", sikujua kuiitikia. Jirani yangu, mama wa Kigogo, akabisha hodi kuomba chumvi. Kesho yake kiberiti. Mwezi haukuisha nikawa nakula mlenda kwake, na siku moja alinituma jikoni, nikafunua kopo: chumvi imejaa pomoni. Sikumuuliza, wala yeye hakusema.

*Nikimkaribia, je, wenzangu wakinitenga na mimi?*

Nenda na mmoja wao. Watu wawili hawatengwi kirahisi.

*Mwalimu, niko darasa la sita, Chamwino. Rafiki yetu ana ualbino. Sisi tukicheza mpira yeye anakaa chini ya mwarobaini. Tukimwita hataki.*

Hataki jua, si ninyi. Jua la saa nne la Dodoma unalijua. Ngozi yake haina kinga kama yako, linamuunguza haraka. Basi mchezo umfuate kivulini. Bao linachezeka hapo, kete pia. Mpira upangeni jioni jua likilala, naye avae kofia pana na mikono mirefu, acheze namba anayoitaka mwenyewe. Msimpe urefa kila siku kwa kumhurumia. Hilo nimeliona sana na linaudhi. Halafu darasani: wengi wenye ualbino hawaoni vizuri ubaoni hata wakikaa mbele. Keti karibu naye, umsomee taratibu anakili. Siku nyingine naye akusomee kitabuni, mradi akisogeze anavyotaka.

*Tuko bweni, kidato cha kwanza. Mwenzangu wa kitanda cha juu halii tena kama mwanzo, ila hali chakula, na juzi kaniambia bora asingezaliwa. Kaniapisha nisiseme.*

Sema leo, usingoje kesho. Nenda kwa matroni au patroni, au mwalimu wa malezi, umweleze maneno yaleyale aliyokuambia, bila kuyapunguza makali. Wa kwanza akikupuuza, mfuate wa pili. Ipo pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, kupiga ni bure. Mpaka mtu mzima afike, usimwache peke yake. Atakasirika, na pengine atakununia muhula mzima. Kiapo cha namna hiyo hakikufungi, na mzigo huo si wa mtoto wa miaka kumi na minne kuubeba usiku peke yake.

*Nilimkaribisha tukae wote akakataa. Nimeaibika.*

Pole. Labda siku hiyo alikuwa na njaa na hakutaka uone kwamba hana chakula. Hilo lipo zaidi ya mnavyodhani. Kesho msalimie tu upite. Keshokutwa nunua ubuyu, umwekee kiganjani huku unasimulia mambo mengine kabisa.