Gololi haitelezi, wadogo zangu

Juzi nilikaa nyuma ya maabara nikiwatazama watu wa mwaka wa kwanza kwenye praktikali ya fizikia, ile ya gololi kwenye mteremko. Dakika kumi tu, moyo ukaniuma. Makosa yaleyale, kwa mpangilio uleule, kama mliorithishwa. Nawapenda, lakini mnachosha.

1. h ya kwenye mgh (nishati ya kitu kilicho juu: tungamo m, mara mchapuko wa mvutano g, mara h) ni kimo, si urefu wa ubao. Ubao wa mita 2 kwa digrii 30 una h ya mita 1, basi. Anayebisha avuke Likoni, kivuko cha feri cha Mombasa. Maji yakijaa, mwenye mkokoteni anatoka ferini bila kelele nyingi. Yakipwa, feri imeshuka, na mtu yuleyule mwenye madumu 10 ya lita 20 anaanza kuita wenzake wamsukume. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kilo 200, mara 10 (g kwa kukadiria), mara 3: jouli 6,000 za ziada, na mkokoteni wenyewe bado hujaupima. Akipanda kwa kupindapinda, h haipungui hata sentimita. Anajipunguzia tu nguvu ya kila hatua.

2. Kikokotoo kikae kwenye digrii. Sisemi zaidi.

3. Msuguano. Hapa ndipo nilipoungua, na kovu ninalo.

Mwaka wangu wa kwanza tulipewa gololi ya chuma na ubao huohuo. Nikaandika mgh = ½mv², yaani nishati yote ya kimo imegeuka kuwa ya kusonga mbele kwa kasi v, nikapata mita 4.5 kwa sekunde. Kifaa cha taa cha kupimia kasi kikasoma 3.8. Tukarudia: 3.8, 3.7, 3.8. Mwenzangu akasema kwa upole, huenda kuna kitu tumesahau. Nikamjibu kama profesa mstaafu: "Msuguano huo, bwana." Nikakokotoa kizigeu cha msuguano (namba ya kuonyesha ubao unakwaruza kiasi gani) kutokana na nishati "iliyopotea", kikaja 0.16, kizuri kabisa, kinaaminika. Ile 3.7 ilikuwa inanikera, nikaipika ikawa 3.8. Halafu, Mungu anisamehe, nikaandika aya mbili nzima kuhusu ukwaruzo wa mbao, na nikaishauri maabara ipake ubao mafuta.

Mwalimu aliniita mbele ya wenzangu. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniua. Alichukua gololi, akaitia alama ya chaki, akaiachia taratibu. Alama ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka.

"Hii inateleza?"

"La. Inabingirika."

"Na huko kuzunguka, nishati yake inatoka wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

Nishati ya kuzunguka ilikuwa humo muda wote. Kwa gololi isiyo na uwazi ndani, sehemu 2 kati ya 7 za mgh zinakwenda kwenye kuzunguka, na 5 zinabaki za kusonga mbele. Hivyo v = √(10gh/7), na kwa ubao wetu ni 3.8, bila kupika. Msuguano ulikuwepo, naam, lakini ni tuli: pale gololi inapogusa ubao hapatelezi, kwa hiyo haukula nishati yoyote, uliizungusha tu. Mafuta yangu yangeifanya iteleze, na ile 4.5 ingekaribia kuwa kweli! Halafu kejeli yenyewe: 0.16 yangu ilikuwa karibu sawasawa na msuguano wa chini kabisa unaohitajika ili gololi isiteleze kwa digrii 30. Nilikuwa na namba sahihi mkononi, nikaipa jina la jirani.

Nilipata 4 kwa 20. Nadhani 4 zenyewe zilikuwa za mwandiko.

4. Ukitafuta g kwa gololi ukasahau mzunguko, utapata kama 7 badala ya 9.8. Usiulaumu ubao.

5. Bomba tupu na gololi zikiachiwa pamoja, gololi hushinda, hata bomba liwe zito vipi. Jaribuni, ni tamu. Galileo alibingirisha mpira wa shaba nyeusi akapima muda kwa maji yanayochuruzika. Nyinyi mna kifaa cha taa na bado mnakadiria kwa jicho.

6. Vipimo vinavyokukera viandikwe vilivyo.

Na wewe wa meza ya dirishani, uliyeandika "tofauti imetokana na msuguano" ukapiga na mstari chini yake: Jumatatu njoo na chaki.