Maswali ya Wasomaji: Tapeti Inalia au Moshi Unavuja?

SWALI: Nina pikapu kuukuu aina ya Toyota Hilux, injini ya petroli 22R, ninayobebea viazi na mbao kutoka Iringa kwenda Morogoro. Kila asubuhi nikiiwasha hulia tik-tik-tik kama cherehani. Injini ikishapata moto sauti hupungua, lakini wakati wa kurudi, nikiupanda mlima Kitonga nikiwa na mzigo, inaanza tena. Fundi wa kwanza amesema ni tapeti, wa pili amesema ni gasketi ya manifodi ya ekzosi. Nimfuate yupi? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Kwa maelezo yako, ninaelekea zaidi upande wa fundi wa pili, ingawa nisingependa ununue hata gasketi kabla ya kufanya majaribio mawili matatu yasiyo na gharama. Tapeti ni kifaa kidogo kinachosukuma vali ifunguke; manifodi ya ekzosi ni bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na gasketi ni kizibo chembamba cha maungio yake. Mafundi hawa hawakukosana kwa uzembe, kwa sababu sauti hizi mbili zina mwendo uleule. Vali moja (mlango mdogo wa silinda) hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, na silinda moja nayo husukuma moshi wake mara moja katika mizunguko hiyohiyo miwili. Kwa hiyo injini inayozunguka mara 800 kwa dakika itatoa milio 400 kwa dakika, iwe inatoka kwenye tapeti moja iliyolegea au kwenye tundu moja linalovuja. Anayehukumu kwa mwendo wa sauti peke yake anabahatisha tu. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kurekebishwa tapeti mara mbili katika gereji moja, kumbe nati moja ya manifodi ilikuwa imeanguka barabarani siku nyingi.

Kinachozitofautisha ni joto na mzigo. Manifodi ni chuma cha kuyeyusha, ambacho hunywea kikipoa na kutanuka kikipata moto, hivyo mwanya uliokuwa wazi alfajiri huweza kujiziba wenyewe baada ya dakika chache. Unapopanda mlima, msukumo wa moshi ndani ya silinda huongezeka na kuulazimisha mwanya ule kufunguka tena. Tapeti haijali mlima: mlio wake huongezeka kasi injini inapokanyagwa, lakini hauwi mkubwa kwa sababu tu umebeba viazi.

Sasa fanya hivi kabla injini haijapata moto. Zima injini, chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza na uufunge uguse chuma cha injini, kisha uwashe kwa sekunde chache tu na usikilize. Rudishia, uende silinda ya pili, na kadhalika hadi ya nne. Usichomoe waya injini ikiwa inazunguka, maana umeme wake unarusha mtu. Silinda ambayo ukiikata moto mlio unafifia au kupotea ndiyo inayovujisha moshi, kwa kuwa mlipuko uliokuwa ukiusukuma haupo tena. Ikiwa umezikata zote nne kwa zamu na mlio umebaki vilevile, hapo rudi kwa fundi wa kwanza.

Ukishaijua silinda, subiri injini ipoe kabisa, ufungue bati la kukinga joto lililofunika manifodi na umulike kwa tochi. Moshi unaovuja huacha alama ya masizi meusi, yaliyotawanyika kama unyoya kutoka kwenye maungio. Ukikosa alama, washa injini ikiwa bado baridi, chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, weka ncha moja karibu na sikio na nyingine uipitishe taratibu kwenye maungio bila kugusa kitu, ukiwa mbali na feni na mkanda wake. Ukifika penye mwanya utausikia ukipuliza. Usisahau maungio ya chini, pale manifodi inapokutana na bomba, kwani hapo pia huvuja.

Ukikuta gasketi imeungua, usikubali ibadilishwe bila manifodi kupimwa kwa rula iliyonyooka, kwa sababu iliyopinda itaiunguza mpya pia. Ipelekwe ikasawazishwe kwa fundi wa mashine. Nati zilizoshika kutu zimwagiwe mafuta ya kulegeza tangu jioni, kwani stadi (skrubu inayoshikilia manifodi) ikikatikia ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kazi ya nusu siku inakuwa ya siku tatu. Silikoni nyekundu inayopakwa badala ya gasketi itaungua. Haikutengenezwa kwa joto la mahali hapo.

Hadi utakapotengeneza, endesha vioo vikiwa wazi na usiiache injini ikinguruma ndani ya banda. Katika moshi wa petroli kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya kwenye kebini kupitia matundu ya pedali na nyaya. Maumivu ya kichwa safarini si lazima yawe ya uchovu.

SWALI: Nami nina 22R, na nimeshahakikisha kuwa moshi hauvuji. Je, nikitia oili nzito zaidi tapeti zitanyamaza? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hazitanyamaza kwa maana ya kupona. Tapeti za injini hii hurekebishwa kwa skrubu na nati, wala hazijazwi na oili. Vipimo vya mwanya wake, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na milimita 0.30 kwa vali za kutoa moshi. Mwambie fundi asizibane hadi zikawa kimya kabisa, maana vali ya moshi isiyofunga vizuri huungua; afadhali ibaki na mlio kidogo. Lakini ikiwa sauti yako ni ya kukwaruza, inatoka mbele ya injini na husikika zaidi unapowasha, acha tapeti kwanza. Fungua kifuniko cha vali na uchungulie miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi, yaani cheni inayoendesha vali. Ikiwa imevunjika, cheni huwa inalikwangua kava lake taratibu hadi maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, kwa hiyo kesho asubuhi chomoa kijiti cha kupimia oili na utazame rangi ya oili kabla hujawasha gari.